Je, Mzee Ana Ruhusa ya Kubadili Mtindo?

Msomaji mpenzi, kabla hujaenda mbali nataka ujue kwamba katika kesi hii mimi ni mshitakiwa. Nilikuwepo, nilishiba pilau ya watu, na mdomo wangu ulikuwa mmoja kati ya midomo iliyofanya lile jambo. Naandika kwa sababu mpaka leo sijaweza kujihukumu, na wenzangu wa kijiweni wamekataa kunisaidia. Wao wanasema hakuna kosa lililotendeka.

Ilikuwa harusi, mtaa wa Isevya, hapa hapa Tabora mjini, mwaka juzi. Harusi zetu za siku hizi unazijua: spika mbili kubwa kama makabati, dijei mmoja na kompyuta yake, basi, watu wanajirusha. Lakini baba wa bwana harusi ni mtu wa zamani, akasema hataki mwanawe aoe kwa muziki wa kubonyeza. Akamkodi mzee mmoja mpiga gitaa la solo, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika bendi za dansi. Jina lake silitaji, maana hajanipa ruhusa. Alikuja na wenzake watatu: mmoja wa besi, mmoja wa tumba, na kijana mdogo sana aliyebeba kinanda cha umeme kwenye mfuko wa sandarusi.

Alianza na nyimbo mbili za zamani. Wazee wakanyanyuka, akina mama wakanyanyuka, hata shekhe aliyefungisha ndoa alionekana kutikisa mguu chini ya meza. Halafu mzee akasogelea maiki, akakohoa kidogo, akasema: "Sasa nitawapigia kitu nilichotunga mwezi uliopita."

Wimbo ule ulianza kwa mwendo wa segere, polepole, gitaa likizungumza peke yake. Kisha tumba zikageuka zikawa kama manyanga za Kinyamwezi. Kisha yule mtoto wa kinanda akaingia, anakimbia kama singeli za Dar. Utaniuliza, ulikuwa mzuri? Ndugu yangu, sijui. Sijui kwa sababu sikuusikia. Haikufika dakika moja na nusu, meza yetu, meza ya vijana, ikaanza kugongwa: "Zilipendwa! Zilipendwa!" Sikuwa wa kwanza kugonga. Nilikuwa wa tatu au wa nne, na niligonga kwa nguvu. MC naye, mtu wa kufuata upepo, akadaka: "Mzee, vijana wanataka zilipendwa!" Mzee akainua kiganja, bendi ikanyamaza. Akawageukia wenzake akawaambia neno, wakapiga wimbo wa miaka ya sabini. Tukacheza mpaka jasho. Yeye aliupiga wote ameelekea ukutani, mgongo kwetu.

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Alilipwa hela yake yote, akafungiwa na pilau ya kupeleka nyumbani. Sasa kosa liko wapi?

Hebu tulitazame neno lenyewe, maana sisi tunaotaka kuwa waandishi hatuna shamba lingine zaidi ya maneno. Zilipendwa. Ukilikata vipande kama tulivyofundishwa darasani, utapata zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, -pend- ambayo ndiyo roho yake, na ile -w- ya kutendwa. Nyimbo ambazo watu fulani, siku fulani, walizipenda. Ajabu yake ni kwamba tunalitamka neno hilo huku tunazicheza, tunazipenda papo hapo, mbele ya aliyezipiga! Kwa kiambishi kimoja tu tunamsifu mtu na kumwambia kazi yake imekwisha. Sijasikia mtu akipaza sauti harusini "Zitapendwa!"

Siku tatu baadaye nililipeleka jambo hili kijiweni, pale karibu na soko, kwa fundi simu ambaye ni mshikaji wangu tangu shule ya msingi. Usimdharau kwa kazi yake. Jioni anatengeneza midundo kwa kompyuta ya kuazima na wasanii wawili watatu wa mjini wamerekodi kwake. Alinisikiliza, akapuliza vumbi kwenye simu ya mteja, akasema: "Wewe una matatizo. Mtindo ni ahadi. Umeenda kwa mama ntilie umeagiza wali maharage, anakuletea makaroni, anakwambia ah, siku hizi nimekua kisanaa. Utalipa?"

Tulicheka wote, lakini usiku sikulala vizuri. Hoja ile ina meno. Na katika muziki wa dansi wa nchi hii ina meno zaidi kuliko popote, kwa sababu kwetu bendi bila mtindo ilikuwa kama daladala isiyoandikwa inakokwenda. Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyojiita hivyo kwa kuwa waasisi wake walitoka huku magharibi, ilikuwa na Saboso. Tabora Jazz yetu ilikuwa na Segere Matata. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ikashika Sikinde. Ile bendi ya wafanyakazi iliyozaliwa mwaka 1964 imebadili jina mara ngapi? NUTA Jazz, JUWATA, OTTU, na mwisho wakaamua kujiita kwa mtindo wao, Msondo Ngoma, kana kwamba wamekiri kuwa jina la ofisi lilikuwa koti tu. Watu walipigana kwa ajili ya mitindo. Kuna nyumba mume alikuwa Msondo na mke Sikinde, na Jumamosi kila mmoja akashika njia yake.

Kwa hiyo nakubali: mtindo ni ahadi. Ila niliporudi kwa fundi simu asubuhi nilimuuliza, ahadi hiyo aliitoa nani? Mzee yule alikwisha kutupa nyimbo mbili za zamani, akatuomba moja. Hakututangazia wali akatupa makaroni. Alisema wazi, hiki nimekitunga mwezi uliopita. Na wapo waliobadili mtindo waziwazi na watu wakaenda nao. Maquis, waliotoka Zaire, walipita Kamanyola, wakapita Ogelea Piga Mbizi, wakapita Zembwela, na kila walipobadili mashabiki walijifunza staili upya kama watoto wa chekechea. Fundi simu akajibu: "Hao walikuwa vijana." Akainama tena kwenye kazi yake.

Hao walikuwa vijana. Naona hapo ndipo alipoligusa jipu bila kujua. Kijana akichanganya mitindo tunasema anajitafuta. Mzee akichanganya tunasema amepotea. Kijana tunampa miaka kumi ya kukosea. Mzee hatumpi hata ubeti wa pili.

Basi nikaanza kuuliza habari za huo muziki wa asili ambao tunataka wazee wautunze kama sanda. Asili yake ni ipi? Hapa Tabora swali hilo ni la kuchekesha kidogo. Mji wenyewe umezaliwa njiani. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, pakiitwa Kazeh, walikuta Waarabu wa pwani na Unguja, watumishi wa Kiswahili, Wanyamwezi wa Unyanyembe, na watu waliotoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakienda Bagamoyo na mizigo mabegani wakiimba, wakarudi na nyimbo nyingine. Mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na utani huo ni mtoto wa misafara. Ikaja ngoma ya beni kutoka pwani, vijana weusi waliovaa kama maafisa na kupiga matarumbeta ya Kizungu, Marini wakishindana na Arinoti, na ngoma hiyo ikaenea bara mpaka huku. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji, na askari wao wengi walikuwa Wakongo. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ikaanza kutoa santuri zilizoandikwa GV, zimejaa muziki wa Kuba, na santuri hizo zikasambaa Afrika nzima mpaka wapiga magitaa wa kwetu wakawa wanaimba maneno ya Kihispania wasiyoyajua maana. Baadaye rumba la Kongo likashuka kwa njia ile ile ya magharibi. Juu ya udongo huo ndipo zikaota Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Shem Karenga, ambaye wengi tukisikia Tabora Jazz tunamsikia yeye, alikuwa mtu wa Kigoma. Hata neno segere lenyewe ni la ngoma ya pwani, limepanda huku kama mzigo wa mtu.

Nilipomsomea babu yangu mdogo orodha hii, akiwa amekaa kwenye kigoda uani, alicheka mpaka akaomba maji. Babu huyu ni mstaafu wa reli, na mimi na yeye ni watani, kwa hiyo hanionei haya. "We mume mwenzangu," akasema, "unaniambia habari za segere? Baba yangu aliposikia magitaa mara ya kwanza alisema hizi ni kelele za watu waliokosa ngoma. Alisema tumeacha ngoma za watu tunashika makopo ya umeme. Leo wewe unaniambia mimi makopo yale ndiyo asili."

Akaingia ndani akatoka na kanda. Mwanawe alimnakilia zamani, kutoka kwenye CD ya rafiki, na redio yake ya kaseti bado inafanya kazi ukiifunga kifuniko kwa mpira. Ilikuwa albamu ya Shikamoo Jazz, Chela Chela Vol. 1, iliyotoka mwaka 1995. Nakiri nilikuwa sijawahi kuisikia. Shikamoo Jazz lilikuwa kundi la wazee watupu, wanamuziki wa bendi mbalimbali za zamani waliokutana Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya tisini, wengine walikuwa hawana hata chombo cha kupigia, na shirika la HelpAge linaloshughulikia wazee likawasaidia. Miongoni mwao alikuwamo Salum Zahoro, yule yule wa Kiko Kids ya Tabora. Mwaka 1995 walikwenda Uingereza wakapiga pamoja na Bi Kidude wa Unguja na Fundi Konde wa Kenya.

Sasa fikiri, msomaji. Mzee mmoja katoka Tabora, mwingine katoka kwingine, kila mmoja ujanani alikuwa na mtindo wake, na pengine walizomeana. Wanapoketi chumba kimoja na umri wa mababu, wanapiga mtindo wa nani? Hakuna ujanja: lazima wachanganye. Nilivyoisikia mimi kanda ile, kuna Kuba ndani, kuna rumba, kuna mahali saksafoni inalia kama ya bendi za mjini na mahali gitaa linakwenda taratibu kama mtu anayetembea kwenye mchanga. Babu alisikiliza upande mzima akiwa amefumba macho. Kisha akasema: "Hawa si Kiko Kids. Lakini Zahoro huyu hapa, namsikia." Nikamuuliza, babu, hukasiriki kwamba si Kiko Kids? Akafumbua jicho moja. "Nikasirike nini, mimi mwenyewe si yule wa Kiko Kids."

Na jina lile! Wangeweza kujiita Zilipendwa Jazz, ingeuza. Wao wakachukua Shikamoo. Ni neno analolitoa mdogo kwa mkubwa, na likitoka haliwezi kuning'inia hewani, lazima lijibiwe marahaba. Ni neno la watu wawili waliopo, wote hai. Sijui kama waliwaza hivyo. Nawaza mimi.

Jambo hili si la kwetu tu, usije ukadhani ni ushamba wa Tabora. Kule London miaka ya sabini palizuka muziki wa panki, vijana wenye hasira, magitaa matatu ya kelele, wimbo dakika mbili umekwisha. Bendi ya The Clash, iliyoundwa mwaka 1976, ilikuwa miongoni mwa vinara wake. Mwezi Desemba 1979 wakatoa London Calling, na ndani yake mkawa na rege na ska za Jamaika, mkawa na roki ya zamani ya miaka ya hamsini. Mwaka uliofuata wakatoa Sandinista!, santuri tatu kwa mpigo, nyimbo 36, humo ndani utakuta mpaka kalipso na nyimbo kama za kanisani. Wapo waliosema wamesaliti panki. Muziki wenyewe ulikuwa na umri wa mtoto wa chekechea, tayari una wazee wa kuulinda! Nilicheka niliposoma hayo, kisha nikakumbuka ile meza.

Lakini nisije nikajifanya wakili wa kila mchanganyiko. Fundi simu ana haki yake hapa. Tumewaona wakongwe wanaoburuzwa na mfadhili, wanawekewa mdundo wa vijana na wacheza shoo sita, ukimtazama mzee usoni unaona anahesabu dakika. Hapo hakubadilika mtu, amevalishwa tu. Na upo mchanganyiko mwingine unaonisumbua zaidi, nao ni wa kwetu sisi vijana. Mwaka jana fundi simu alichukua kipande cha gitaa kutoka wimbo mmoja wa zamani, sekunde nane hivi, akakizungusha chini ya mdundo wake. Ulitoka mtamu, sisemi uongo. Nikampelekea babu. Nilitegemea atasema mmeharibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Anayepiga solo hapo ni nani?" Nikampigia fundi simu. Hakujua. Tukatafuta kwenye simu, hatukupata. Babu akasema basi, akaendelea kumenya karanga zake.

Hakuna jina. Bendi zile zilirekodi Radio Tanzania kwa sababu kwa miaka mingi karibu hapakuwa na mlango mwingine, wakapata kidogo, kanda zikabaki kwenye rafu za redio. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo, iliyoleta COSOTA, imepitishwa mwaka 1999, wakati wengi wao wameshazeeka au wamekufa. Hiyo ndiyo sehemu ya mchanganyiko ambayo hatuichezi harusini.

Na ukirudi nyuma zaidi, inatisha. Tunapenda kusema Tabora ni mji wa mchanganyiko, njia ya misafara, makutano ya watu, miembe, asali. Kweli. Lakini wale watu wa kutoka ng'ambo ya ziwa, tuliowaita Wamanyema, wangapi walitembea njia hiyo kwa hiari yao? Wapo waliokuja kama wafanyabiashara na askari wa watu wakubwa, na wapo waliokuja na minyororo, pamoja na pembe za ndovu. Nao walikuwa na ngoma zao. Mdundo fulani ninaouona leo kuwa wa kwetu, wa Kitabora kabisa, inawezekana aliuleta mwanamke ambaye hakuulizwa kama anataka kuja. Nilifika mara moja pale Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mpaka alipoondoka Agosti 1872. Jengo lenyewe limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani, na ndani kuna picha na barua. Majina ya wazungu wawili watatu unayakuta yamehifadhiwa vizuri. Waliobeba mizigo yao hukuti wote.

Kwa hiyo mchanganyiko peke yake hauna utakatifu wowote, kama vile kubaki vilevile hakuna utakatifu. Naona tofauti iko hapa: yule mzee wa Isevya kila alichokichanganya alikuwa amekitembelea. Segere aliipiga ujanani, manyanga alizaliwa nazo kijijini, singeli anaisikia kila siku kutoka kwa kijana wa kinanda ambaye anakula kwake. Ule wimbo ulikuwa ramani ya maisha yake, na majina ya walioko njiani anayajua. Sisi tuliogonga meza ndio tulitaka akae kituo kimoja, kile tunachokipenda sisi, abaki hapo na mzigo wake tuje kumtazama tukiwa na nafasi.

Nina sababu ya binafsi ya kulipigania hili, niseme tu. Ninaandika riwaya. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na riwaya yangu ina Kiswahili cha vitabu, ina Kiswahili cha stendi, ina na maneno ya Kinyamwezi ya bibi yangu. Mwalimu mmoja niliyempelekea kurasa thelathini aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Chagua lugha moja." Nilinuna wiki nzima. Wakati ule ule nilikuwa namsoma Euphrase Kezilahabi. Nilianza na Rosa Mistika ya mwaka 1971, nikaenda Kichwamaji, nikaenda Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, nikajiona nimempata, huyu mtu namjua. Halafu nikaazima Nagona, iliyotoka mwaka 1990. Kurasa kumi za kwanza nilidhani nimepewa kitabu cha mtu mwingine. Hakuna kijiji, hakuna padri wa kumkasirikia, kuna mtu anatembea mahali pasipoeleweka. Nilikitupa kitandani nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani: mzee, turudishie Rosa Mistika!

Unaona? Hata chumbani, bila MC, niligonga meza.

Nilirudi Nagona baada ya ile harusi, na mara ya pili niliimaliza. Sijaielewa yote. Kuna sehemu bado naona alitutesa bure. Lakini yule mtu aliyeandika Nagona na Mzingile alikuwa amekwisha kuandika Rosa Mistika. Hakuwa na deni la kuiandika tena, na kama angeiandika tena kwa ajili yangu ingekuwa amenidharau. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi, na pengine angeshangaa, radhi ya nini.

Yule wa Isevya yu hai, anakaa Ng'ambo. Nilichukua karibu miaka miwili kupata miguu ya kwenda. Nilimkuta barazani anachambua mchele, mkewe yupo ndani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe si ndiye uliyekuwa unagonga meza?"

Msomaji, nilitamani ardhi. Nikasema ndiyo baba, ni mimi, na wenzangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yote yakakimbia. Akanisogezea mkeka. Akasema aliumia siku mbili, ya tatu akasahau, maana kodi ilikuwa imefika. Akasema pia yule mtoto wa kinanda alikimbia mno siku ile, walikuwa hawajaufanyia mazoezi vya kutosha, kwa hiyo inawezekana tulikuwa na haki kidogo. Halafu akacheka. "Na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Kuna wazee wa ngoma walikuja ukumbini kwetu, wakataka kupiga pamoja na magitaa. Tukawazomea. Mimi nilikuwa mbele."

Nikamuuliza, wale wazee walifanya nini?

"Walitoka." Akaendelea na mchele. "Mmoja alikuwa mjomba wangu."

Tulinyamaza kidogo. Nikamuuliza ule wimbo unaitwaje. Akasema hajaupa jina, alikuwa anangoja aone watu watauchezaje. Nikamwomba aupige, nitakaa mpaka mwisho, hata kama ni mbaya. Akaingia ndani akatoka na gitaa, akanionyesha: uzi wa pili umekatika, na ule wa kwanza umefungwa fundo karibu na kichwa. Akajaribu kidogo na nyuzi zilizobaki, akatikisa kichwa, akasema ubeti wa pili wote unakaa kwenye uzi huo.

Nimezunguka maduka ya mjini, nyuzi nilizozikuta ni za gitaa la kawaida, za umeme hakuna. Kondakta mmoja wa basi la Mwanza amechukua hela na kipande cha ule uzi uliokatika kwa ajili ya kulinganisha. Kasema Alhamisi.